Betri ya Mzee Mwishehe

Rukaya alizaliwa Masaki, upande wa Kisarawe, katika nyumba iliyozungukwa na mikorosho, na kazi ndiyo iliyompeleka Kibaha. Alikuwa karani katika ofisi ya serikali, mwanamke wa miaka arobaini na ushei, aliyeachika zamani bila makelele, akiishi kwenye vyumba viwili vya kupanga nyuma ya Maili Moja. Wenzake walimjua kwa tabia moja: hakuwa na pupa. Sufuria tu akitaka kununua ataigeuza, ataigonga kwa kidole, atakitazama kitako chake, kisha atamwambia muuzaji atarudi kesho. Na kweli atarudi.

Mama yake, Bi Biubwa, alibaki Masaki. Mumewe alipofariki na kumwachia watoto wawili, Rukaya na mdogo wake Bilali, mama huyo aliingia kwenye mkaa. Alipanga magogo, akayafukia kwa majani na udongo, akawasha, akakaa kando ya tanuri akiziba kila tundu lililochungulia moto. Watoto walisoma kwa mkaa huo. Mapafu yake ndiyo yaliyolipa. Alipofika uzeeni, kutoka kitandani hadi mlangoni tu kulimwacha akihema kama aliyepanda mlima. Hospitali walisema mapafu yamechakaa kwa moshi, hayatarudi yalivyokuwa, ila mashine ya oksijeni itamsaidia, na aitumie karibu muda wote.

Mashine yenyewe ilikuwa kama sanduku la nguo lenye magurudumu, na mpira mwembamba uliotoka humo kwenda puani. Ilitaka umeme bila kukoma. Kwa hiyo Rukaya alitaka mama ahamie Kibaha, karibu na hospitali kubwa. Bi Biubwa akakataa katakata.

"Mimi na nyumba ya kupanga wapi na wapi," alisema. "Nikifa humo, mwenye nyumba atakudai kodi ya maiti."

Mashine ikapelekwa Masaki. Bilali, ambaye alilima mihogo na kuendesha bodaboda, aliishi kwenye ua uleule na mkewe Saida, na wao ndio waliomtunza mama siku za kazi. Umeme wa kijijini ulikuwa na desturi ya kukatika, kwa hiyo waliweka mtungi mdogo wa oksijeni wa akiba. Lakini mtungi ni wa kuvusha tu, si wa kukaa nao. Ndipo Rukaya aliponunua gari, Raum kuukuu ya otomatiki iliyokuwa ya mfanyakazi mwenzake, na fundi umeme mmoja wa Kibaha aitwaye Hussen akamfungia inveta, kijisanduku kinachogeuza umeme wa gari kuwa umeme wa nyumbani. Gari lilikuwa la kukaa Masaki: umeme ukikatika liwashwe, waya mrefu upitishwe dirishani, mashine iendelee.

Gari lilikuja na betri iliyokwisha kazi. Rukaya alikwenda kununua nyingine kwenye duka la Bernard, na huko nako hakuwa na pupa. Bernard alimwekea mbili mezani. Moja ilikuwa imezibwa kila upande, nyingine ina vifuniko sita juu.

"Hii ukishaifunga umeisahau," Bernard alisema. "Hii ya vifuniko inataka utazame maji yake, uongeze yakipungua."

"Nipe ninayoweza kuchungulia ndani," Rukaya alisema.

Akataka kujua imetengenezwa lini. Bernard akamwonyesha tarakimu zilizogongwa ubavuni, na Rukaya akaikataa kwa sababu ilikuwa imekaa sana dukani, akaletewa ya karibuni zaidi. Bernard akazigeuzageuza betri mbili juu ya meza kumwonyesha kwamba magari mengine hutaka chanya iwe kulia, mengine kushoto. Ukikosea, waya haufiki. Ukilazimisha na kuchanganya chanya na hasi, unaunguza gari. Rukaya alipomweleza habari ya mashine ya mama, Bernard alitikisa kichwa.

"Dada, betri ya gari ni mtu wa mbio fupi. Inapiga starta, injini ikishika inarudishiwa chake. Ukiifanya itoe umeme muda mrefu injini imezima, utaiua. Mara ya kwanza itainuka. Ya pili itachechemea. Ya tatu usiniletee."

Rukaya alimwambia Bilali asithubutu kutumia inveta bila kuwasha injini. Hakumwambia kwa nini. Alikuwa dada mkubwa, na tangu utotoni mwao amri zake hazikuwa na maelezo.

Kila alipokwenda Masaki alifungua boneti kabla hata ya kuvua viatu. Alitazama maji katika kila tundu. Unga mweupe ulioota kwenye nguzo za betri aliumwagia maji ya moto yenye magadi, akasugua kwa mswaki wa zamani, akakausha, akapaka grisi. Bilali alimtania kwamba betri inaoga kuliko yeye.

Ijumaa moja ya masika alifika jioni mvua ikimwagika kama imefunguliwa bomba. Alimsalimia mama, akamkuta amechoka lakini anaongea, akabadilisha nguo, akalala. Boneti hakuifungua.

Asubuhi yake radi ilipiga upande wa bondeni, kishindo kilichotikisa mabati. Taa ikazimika. Mashine ikatoa ule mlio wake mrefu wa kulalamika, kisha ikanyamaza. Saida alikuwa ameshazoea. Alimfungulia mama mtungi wa akiba, akauhamisha mpira wa puani. Rukaya alichukua ufunguo akatoka na mwavuli.

Alizungusha ufunguo. Taa za mbele ya usukani zikawaka hafifu. Chini ya boneti kukasikika tk, tk, tk, halafu hata hizo taa zikafifia. Akajaribu tena. Safari hii hakukuwa na mlio wowote.

Alitoka mvuani akafungua boneti. Betri haikuwa na unga, nguzo zilikuwa zimekaza. Alifungua kifuniko kimoja akachungulia, maji yalikuwapo. Bilali alikuja mbio akiwa amejifunika gunia.

"Hii betri imefanywa nini?" Rukaya aliuliza.

"Juzi umeme ulikatika. Na jana tena."

"Uliwasha gari?"

Bilali aliufuta uso. "Niliwasha, moshi ukaingia kwa mama. Nikalisogeza mpaka kule kwenye migomba, upepo ukaurudisha moshi uleule. Alikohoa mpaka akatapika, dada. Nikazima injini nikaacha inveta iendelee."

"Nilikwambiaje?"

"Uliniambia nisizime. Hukuniambia nifanye nini moshi ukimwingia mama."

 Rukaya alikuwa na hasira, lakini hakujua amwelekezee nani. Angekuwa yeye, angeuacha ule moshi? Alifunga boneti.

Ndani, Bi Biubwa alikuwa ameketi kitandani, mikono imeegemea magoti, mabega yanapanda na kushuka. Rukaya aliutazama mshale wa mtungi. Ulikuwa chini ya nusu. Mtungi ule ulitumika juzi na jana pia, kila mara kidogo, na hakuna aliyepata nafasi ya kuupeleka Kisarawe kujazwa.

"Punguza kidogo," alimnong'oneza Saida.

"Nimeshapunguza, wifi. Nikipunguza tena midomo inabadilika."

Rukaya aliiona midomo yenyewe. Ilikuwa na rangi ya zambarau pembeni.

Mtandao wa simu ulikuwa ukija na kupotea. Aliwahi kumpata mtu wa hospitali. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda Marui kumchukua mama mjamzito, na huko barabara ni tope tupu. Dereva wa teksi wa Kisarawe mjini alisema atakuja mvua ikipungua. Mvua haikuwa na dalili ya kupungua. Raum haingewaka kwa kusukumwa, gari la otomatiki halishtuliwi hivyo. Bilali alitaja betri ya pikipiki yake, kisha mwenyewe akaikana, maana ilikuwa ndogo kama kitabu, haingegeuza injini ya gari hata nusu mzunguko. Akasema wampakie mama kwenye bodaboda, mmoja amshike nyuma. Rukaya alimtazama mama anavyotafuta pumzi akiwa ameketi tu, akawaza mvua na tope na mteremko wa bondeni, akatikisa kichwa.

"Mzee Mwishehe ana kirikuu," Saida alisema bila kumtazama mtu.

 Mzee Mwishehe alikuwa jirani yao wa upande wa pili wa mikorosho. Yeye na Bi Biubwa walikuwa wamefikishana kwenye kamati ya kijiji kwa sababu ya mpaka wa shamba, na tangu hapo hata salamu ilikuwa ya kusikika kwa mbali. Msimu uliopita korosho za kwenye mstari huo zilianguka zikaota chini, kila upande ukiogopa kuitwa mwizi.

"Twende," Rukaya alimwambia Bilali.

Walikwenda kwa pikipiki, matope yakiwarukia hadi mgongoni. Mzee Mwishehe alikuwa ameketi barazani akishona mdomo wa gunia. Hakuinuka. Uani kwake kirikuu chake, kile kigari kidogo cha mizigo, kilikuwa kimepandishwa juu ya mawe, gia boksi imeshushwa chini na kufunikwa turubai. 

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Sindano iliendelea kupita kwenye gunia.

"Mzee Mwishehe, umeme umekatika, na betri ya gari letu imekufa. Mama hana pumzi. Mtungi unaisha. Nilikuja kuomba gari lako, naona nalo haliendi. Naomba betri."

Mzee alinyanyua macho. "Biubwa amekutuma?"

"Hajui kama niko hapa. Angejua asingenituma."

Sindano ikasimama. Mzee Mwishehe alimtazama Rukaya, halafu Bilali, halafu mvua. Akaliweka gunia pembeni, akaingia ndani. Rukaya alihesabu pumzi zake mwenyewe. Akawaza labda amekwenda kujilaza, kwamba hilo ndilo jibu lake. Kisha mzee akatokea ameikumbatia betri kifuani kama mtoto, nyaya nyembamba mbili zikining'inia.

"Inaniwashia taa na redio," alisema. "Mchana hula jua, ila tangu juzi jua hakuna. Sijui imebaki na nini. Na siiachi iende peke yake."

Walirudi mshikaki, Bilali mbele, mzee katikati na betri yake, Rukaya nyuma ameshikilia koti la mzee. Pikipiki iliteleza mara mbili na mara zote mbili mzee alisema neno moja tu, "Taratibu."

Bilali alishika mwavuli juu ya boneti. Rukaya alifungua nguzo za betri yake kwa spana, hasi kwanza kama alivyofundishwa na Hussen, akaitoa, na mzee akaiingiza ya kwake mahali palepale. Ilikuwa ndogo. Ilikaa kwenye kitako chake ikicheza kama jino la mtoto. Mzee alikwishashika waya wa chanya akiuvuta kuelekea nguzo ya karibu.

"Ngoja, mzee," Rukaya alisema.

Alikuwa amemwona Bernard machoni, akizigeuzageuza betri zile juu ya meza. Aliinama, akafuta tope kwa kidole gumba, akaitafuta alama ya kujumlisha. Ilikuwa upande mwingine. Nguzo ambayo mzee alitaka kuifunga ilikuwa hasi. Rukaya alimwonyesha.

"Kweli," mzee alisema, akaachia waya haraka kama aliyeshika nyoka. "Kwenye kirikuu iko kinyume."

Wakaizungusha betri nzima ili chanya itazamane na waya wake. Waya wa hasi ulifika kwa kuvutwa. Lakini nguzo za betri ya mzee zilikuwa nyembamba, na pete za nyaya za Raum zilikuwa za nguzo nene. Kila zilipokazwa zilizunguka zikicheza. Bilali alikimbia jikoni akarudi na kopo tupu la maziwa ya unga na mkasi. Wakakata vipande vya bati, wakavizungushia nguzo, wakavisha pete juu yake, wakakaza. Mpira wa kufungia mizigo wa bodaboda ukaifunga betri isiruke, na kipande cha tyubu kikawekwa juu ya chanya ili boneti ikifungwa isiguse chuma.

Ndani ya nyumba Saida aliita, "Wifi." Hakuita kwa sauti kubwa. Rukaya aliitambua ile sauti.

Alikaa kwenye usukani. Taa zikawaka, si vizuri sana. Akazungusha ufunguo. Injini ikajigeuza mara moja, kwa uzito, kama mtu anayejigeuza usingizini, ikakwama.

"Acha," mzee alisema kutoka nje. "Usiilazimishe. Funga milango, taa ya ndani izime. Iache ivute pumzi."

Rukaya alifunga mlango. Alizima redio, akazima feni, akahakikisha inveta imezimwa. Mvua ilipiga paa. Alikaa na mikono yake mapajani, akitazama mlango wa chumba cha mama, na kila kilichokuwa ndani yake kilimwambia azungushe ule ufunguo, na yeye akajizuia. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kusubiri, lakini hakuwahi kusubiri namna hiyo.

Mzee aliinua kidole.

Akazungusha. Injini ikajigeuza, ikajigeuza tena, ikalegea, na pale ilipotaka kukata tamaa ikashika. Bilali aliegemea boneti na paji la uso wake kama anayesujudu.

Hawakupoteza muda kupitisha waya dirishani. Injini ikishawaka, Rukaya alisema, twendeni nayo huko huko hospitali. Walimbeba mama na godoro lake, wakamkalisha kiti cha nyuma akimwegemea Saida, mashine ikabanwa miguuni kwao. Inveta ilikaa mbele, karibu na miguu ya mzee Mwishehe, ambaye alikuwa ameingia bila kuulizwa. Rukaya aliiwasha. Mashine ikalia, ikaanza kunguruma. Mpira ukahamishwa kutoka kwenye mtungi, na mtungi ukafungwa ukiwa na kile kidogo kilichobaki ndani.

Bi Biubwa alifumbua macho akamwona aliyekaa mbele.

"Huyu... anafanya nini... garini mwetu?"

"Nalinda betri yangu," mzee Mwishehe alijibu bila kugeuka.

Barabara ya kwenda Kisarawe mjini ilikuwa mto mwekundu. Bilali alitangulia na pikipiki akitafuta pasipo na shimo, Rukaya akifuata alama yake. Hawakufika mbali inveta ikaanza kupiga king'ora chembamba. Mzee aliinama kuitazama.

"Umeme hautoshi," alisema. "Umewasha vitu gani?"

Rukaya alizima kiyoyozi kilichokuwa kikifuta ukungu wa kioo. King'ora kikanyamaza, kisha kwenye tope, gari lilipopunguza mwendo, kikarudi. Akazima taa za mbele. Kikarudi tena. Kilichobaki kuwaka kilikuwa waipa. Aliitazama ikifagia maji kulia na kushoto, akatazama kwenye kioo cha nyuma uso wa mama, akaizima.

Kioo kikageuka maji matupu. Alishusha dirisha, akatoa kichwa nje, mvua ikampiga machoni. Mbele yake hakuona barabara wala miti, aliona taa ndogo nyekundu ya nyuma ya pikipiki ya mdogo wake, ikiyumba, ikipotea, ikirudi. Aliifuata hiyo. Ilipokwenda kushoto alikwenda kushoto. Ilipoinuka alijua kuna kilima. Kila palipobidi kwenda polepole aliitoa gia akakanyaga mafuta ili injini ingurume na inveta ishibe, halafu akairudisha gia na kusogea.

Kwenye mteremko wa bondeni gurudumu la mbele lilitumbukia shimoni kwa kishindo. Gari likapanda upande wa pili, na papo hapo mashine ikatoa ule mlio mrefu. Inveta ilikuwa imezima. Injini nayo ikaanza kuyumba, ikipanda na kushuka.

"Usizime," mzee alisema. "Pete imechomoka. Ukizima hatuwashi tena leo."

Akafungua mlango akashuka kwenye tope. Rukaya alikanyaga breki na mafuta kwa pamoja. Nyuma yake alisikia Saida akihangaika na bomba la mtungi, na sauti ya mama ikivuta hewa isiyofika. Mtungi ulitoa pumzi fupi. Boneti ilifunguka mbele yake ikaziba kila kitu. Alisikia mlio wa cheche, na mzee akaguta kwa maumivu. Bilali alikuwa amegeuza pikipiki. Naye akapotelea nyuma ya boneti.

"Shika hapo," alimsikia mzee akisema. "Kwa hicho kitambaa. Kandamiza."

Injini ikatulia. Inveta ikawaka taa yake ya kijani. Mashine ikakaa kimya kwa muda uliomtosha Rukaya kusoma nusu ya dua, kisha ikaanza kunguruma. Boneti ikafungwa. Mzee akarudi ndani analowa, kiganja chake cha kulia amekifumba. Rukaya alimngoja Bilali apande pikipiki. Aliachia breki.

Walipoingia kwenye lango la hospitali mshale wa mtungi ulikuwa umelala. Muuguzi alikuja na kitanda cha magurudumu, na mtu mwingine akaja na mtungi mkubwa, mrefu kama mtu. Walipompokea mama, Rukaya alibaki kwenye usukani na injini inanguruma, hajui kama sasa anaruhusiwa kuizima. Ni Bilali aliyeingiza mkono dirishani akazungusha ufunguo. Walikaa hivyo, mmoja ndani, mmoja nje, wote wamelowa.

"Nilipaswa kukueleza sababu," Rukaya alisema mwishowe. "Habari ya betri. Nilipaswa kukueleza."

"Nilipaswa kukupigia simu," Bilali alisema. "Nilijua utanigombeza."

"Ningekugombeza."

Bilali akacheka kidogo, halafu akageuza uso, na Rukaya akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

Mzee Mwishehe alifungwa bandeji kwenye kiganja kilichoungua. Alikataa kurudi Masaki mpaka aambiwe hali ya mgonjwa, lakini alipoambiwa anaendelea vizuri alisema kwamba alikuwa anasubiri mvua ipungue tu.

Bi Biubwa alilazwa Kisarawe, kisha akahamishiwa Kibaha. Alipotoka hospitali hakubishana tena kuhusu Masaki, ingawa aliweka wazi kwamba amekubali kwa sababu ya umbali, si kwa sababu ya mapenzi na nyumba za kupanga. Akapewa chumba chenye dirisha la upande wa barabara. Siku zilivyokwenda akajua watoto wote wa mtaa kwa sauti, na nani anamdanganya nani kwenye genge la mboga.

Rukaya aliipeleka betri yake kwa Bernard. Bernard aliipima kila tundu, akasema tundu moja limekufa kabisa, na kwamba huo ndio mwisho wa betri iliyokamuliwa mpaka tone. Safari hii Rukaya alichukua mbili. Moja ya gari, chanya upande ulio sawa, nguzo zenye unene ulio sawa, aliyoijaribisha palepale dukani kabla ya kuondoka. Nyingine ilikuwa nzito zaidi, ya zile zinazofungwa kwenye sola, zilizotengenezwa kwa kutoa umeme polepole kwa muda mrefu. Hiyo aliiweka chumbani kwa mama na inveta yake, ichajiwe na umeme wa ukutani, ili umeme ukikatika isiwepo haja ya injini wala moshi. Bilali alikuja Kibaha siku ya kuifunga. Rukaya alimweleza kila waya na sababu yake, na Bilali akauliza maswali mengi kuliko Hussen aliyekuwa anaifunga.

Betri ya kirikuu waliirudisha pamoja, imejaa chaji na nguzo zimesuguliwa. Mzee Mwishehe aliipokea, akaitikisa, akaitazama pembe zote. "Vipande vyenu vya bati mmevitoa?" aliuliza. Walikuwa wamevitoa.

Wiki chache baadaye alifika Kibaha kumjulia hali mgonjwa, amevaa kanzu safi, ameshika mfuko wa korosho za kukaanga ambazo Bi Biubwa hakuwa na meno ya kuzitafuna. Rukaya aliwaacha chumbani akaenda kuchemsha chai. Akiwa jikoni alisikia sauti zinapanda.

"Mpaka ni ule mkorosho... uliopinda," mama yake alisema, akivuta pumzi katikati. "Na wewe... unajua."

"Sijui kitu kama hicho. Mpaka ni jiwe."

"Jiwe ulilisogeza wewe."

"Biubwa, nimekuja kukuona mgonjwa."

"Basi niangalie. Halafu... tuzungumze habari ya jiwe."

Kamati ya kijiji ilikuja kuamua baadaye kwamba mikorosho ya mstarini ivunwe kwa zamu, msimu huu hawa, msimu ujao wale. Hakuna upande uliofurahi. Bilali ndiye anayevuna zamu ya mama yake. Korosho zikishakauka, huwa anaacha debe moja barazani kwa mzee Mwishehe, kwa idhini ya mama yake, ambaye alimwagiza amwambie mzee kwamba hiyo si zawadi, ni kodi ya betri.